Ushauri wa Mtani

Mimi ni Mngoni, Azizi ni Myao, na kwa hiyo hakuna neno aliloniambia maishani nikalichukua kama lilivyo. Ndivyo tulivyolelewa. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane. Mtani akikuita mwizi mbele ya wakwe zako, unacheka. Akimkamata kuku wako mchana kweupe, unacheka na kumtafutia kamba ya kumfungia. Siku tunamzika baba yangu, mzee Bartolomeo, Azizi alishuka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana mzee alimwahidi jogoo na leo anataka kumtoroka. Watu walicheka na machozi yao mashavuni. Mama yangu, mjane wa siku moja, ndiye aliyekwenda bandani kumkamata huyo jogoo.

Tulikuwa mafundi cherehani wa baraza moja hapa Songea mjini, mimi na yeye, kwa miaka mingi. Baadaye akahamia Mtwara kwa wajomba zake, akafungua kibanda cha kushona kanzu na mabaibui. Mimi nikahamishia cherehani yangu nyumbani, Ruhuwiko. Lakini mdomo wake haukuhama. Ulibaki kwenye simu yangu, asubuhi na jioni, ukinitukana kama kawaida.

Mwaka huu mimi na mume wangu tuliamua watoto waende pwani likizo ya Juni. Baridi ya Juni huku kwetu inaingia mpaka kwenye godoro, na binti yetu Noela ana kifua kisichopatana nayo. Mdogo wake, Aidan, alitaka kuona bahari kwa sababu mwenzake darasani alikuwa ameiona na sasa hapumui kwa majivuno. Mume wangu Cornel hakuhitaji kubembelezwa. Yeye ni Mnyasa, kazaliwa Mbamba Bay, na mtu wa ziwani ukimkalisha bara muda mrefu anakuwa na hasira za bure. Alisema Mtwara, tukasema Mtwara.

Mwenyeji wetu akawa Azizi, na nani mwingine? Alitutafutia nyumba ya kupanga kule Shangani, vyumba viwili na uwanja wa mchanga. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam, kwa hiyo funguo zilikaa kwa Azizi. Ushauri wake ulikuja kwa sauti za WhatsApp, moja baada ya nyingine, nasi tulikuwa tunazisikiliza jioni watoto wakiwa wametuzunguka.

"Mgonili, wala mbeva!" ndivyo alivyoanza kila mara, kwa salamu yetu wenyewe, akituchokoza kwa mbeva, panya wa shambani tunaowala. "Nasikia mnakuja kuona maji mengi. Haya, msije na majembe, bahari hailimwi. Msimwambie mtu sokoni kwamba mmetoka Songea, mtauziwa bahari yenyewe na mtaibeba kwenye ndoo. Watoto wavae viatu wakiingia majini maji yakitoka, chini kuna miba. Lidwina asivae lile gauni lake la kijani, samaki watakimbilia Msumbiji."

Halafu alicheka. Azizi ana kicheko cha kukohoa, kifupi, kinachokuja baada ya kila uongo wake. Mimi nilizoea kuchambua. Pale alipokohoa, nilitupa. Pale asipokohoa, niliweka. Cornel hakuwa na subira hiyo. Yeye utani wa Wangoni na Wayao aliuona kama kelele za jirani, na maneno ya mtu anapenda yanyooke.

Sauti iliyotuponza ilikuwa ndefu. Azizi alisema habari za magodoro, za mbu, za mama mmoja anayeuza mihogo mizuri. Akasema, "Na samaki, sikilizeni. Mkiona samaki kavimba tumbo kama mpira, mwili mzima vijiba vijiba, mwacheni. Anaitwa bunju. Huyo ana sumu, hata umchemshe mpaka kesho. Paka wetu wenyewe wanampita." Kisha, bila kuvuta pumzi ndefu, akaendelea, "Na jioni Lidwina asikae ufukweni peke yake, kuna jini pale anawapenda Wangoni. Anawaoa bila mahari." Akakohoa kicheko chake. Watoto wakaanguka kwa kucheka.

Cornel alicheka pia, lakini kwa dharau.

"Huyo Myao wako amekulia Namasakata, huko Tunduru, chini ya mikorosho," alisema. "Leo anifundishe mimi samaki? Mimi nimezaliwa nao. Samaki wa kuua mtu! Baada ya hapo jini. Yote chungu kimoja."

Sikumbishia. Kwao ziwani hakuna samaki wa kuogopwa. Ukimvua unamla, na wazee wa kule maini na mayai ya samaki hawamwachii mtoto. Nilimwona mkwe wangu, Mungu amrehemu, akigombana na mtu mzima mwenzake kwa sababu ya mayai ya mbasa. Mtu aliyekulia hivyo utamwambia nini?

Ilikuwa tuondoke wote. Lakini kwaya ya parokia ilikuwa na jubilei yake, na sare zao zilikuwa kwangu, nusu zimeshonwa na nusu bado vitambaa. Nikamwambia Cornel atangulie na watoto, mimi nitawafuata nikimaliza. Wakaondoka na basi la alfajiri, wakiwa na gunia la maharage ya Azizi, ambalo ndilo alilodai kama ada ya uenyeji.

Mchana wa siku ile, nikiwa peke yangu na cherehani, shetani wa utani akanipanda. Nilimpigia Azizi nikilia. Nikamwambia basi limeungua baada ya Tunduru, na maharage yako yamo ndani. Nikamtumia na picha ya basi linalowaka, niliyoitoa mtandaoni. Azizi alitoka kibandani na tepu ya kupimia shingoni, akakimbia mpaka stendi ya Mtwara akiuliza watu, akapiga kambi pale akihangaika, mpaka akamwona Cornel anashuka salama na gunia begani. Alinipigia akanitukana ukoo mzima, waliokufa na watakaozaliwa.

"Leo umeniweza," akasema mwishoni. "Lakini Wallahi, hunipati tena."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimewahi kufurahi maishani, lakini si kama siku ile.

Siku ya tatu yake ilikuwa Jumamosi. Mzee Leodegari, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amekuja kuchukua sare zilizokamilika. Ni mzee wa watu, mpole, mwenye kukagua kola moja moja kama anasoma masomo ya misa. Nilimpa kiti na chai, nikaendelea kushona. Nje upepo ulikuwa baridi, lakini jua lilikuwa bado juu. Simu ikalia mlio wa ujumbe.

Ilikuwa picha kutoka kwa Cornel. Noela na Aidan wamesimama kwenye uwanja wa mchanga, wamekenua, na katikati yao wameshika sinia. Kwenye sinia kulikuwa na samaki. Amevimba. Mwili mzima vijiba vijiba.

Chini yake Cornel aliandika: *Wavuvi walikuwa wanamtupa, watoto wakaomba wakapewa. Watu wa pwani wanachezea chakula. Ana mayai mengi na ini kubwa. Tunapika sasa hivi. Simu inaisha chaji, tutaongea tukishakula.*

Nitasema ukweli: nilianza kwa kutabasamu. Nilipenda meno ya Aidan. Kisha mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani wenyewe, kabla kichwa hakijajua kwa nini. Nilifungua ile sauti ya Azizi, nikaisogeza mpaka pale penye samaki. Nikasikiliza. Nikairudisha, nikasikiliza tena.

Hakukohoa. Kwenye gauni la kijani alikohoa. Kwenye jini alikohoa. Kwenye samaki hakukohoa. Tulikuwa tumecheka kicheko cha jini tukampaka nacho hata samaki.

Nilipata baridi ambayo haikuwa ya Juni. Nikampigia Cornel. Yule dada wa kwenye mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, akaniambia vilevile, kwa upole uleule. Nilitamani nimpige kofi. Noela hana simu, jirani wa kule simjui, mwenye nyumba sina namba yake. Mtwara yote nilikuwa na mtu mmoja tu.

"Kuna nini, mwanangu?" Mzee Leodegari aliuliza.

Nilikuwa nimeshampigia Azizi.

"Mgonili, mchoma mabasi!" alipokea. Nyuma yake nilisikia cherehani inanguruma na redio inapiga taarabu. "Umekumbuka kuniomba msamaha?"

"Azizi, nisikilize. Cornel anampika bunju."

"Enhee."

"Wavuvi wamewapa watoto. Yuko jikoni sasa hivi. Simu yake imezima. Kimbia Azizi, nenda pale nyumbani, wazuie wasile!"

Akakohoa kicheko chake.

"Lidwina, umepungukiwa. Juzi basi, leo bunju. Nilikuambia mimi habari za bunju, wewe unanirudishia mwenyewe kama chenji. Kaa chini utunge jipya."

"Si utani! Nakutumia picha, iangalie!"

"Bando limekwisha. Na hata lingekuwepo, picha zako nazijua, juzi nimeona basi linawaka moto mpaka matairi." Akamwambia mtu aliyekuwa naye, "Mngoni huyu anataka nikimbie tena na tepu shingoni." Nikasikia watu wawili watatu wanacheka.

"Haki ya Mungu, Azizi. Nakuapia kwa kaburi la baba."

"Kaburi la mzee Bartolomeo nalijua, nimelala mle." Akakohoa. "Ningekuwa wewe nisingeapa kwa shimo lililonipa jogoo."

Nikaanza kulia. Sikulia kwa kupenda. Nililia kwa hasira na kwa hofu na kwa jinsi nilivyokuwa nawaona watoto wangu wameshika sahani. Na yeye alinisikiliza kidogo, kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake.

"Hapo umeboresha," alisema. "Juzi ulilia kwa vituo. Leo kamasi zimo. Haya, nina kanzu ya bwana harusi hapa, ngoja nimalize, nitakupigia jioni unimalizie."

Akakata.

Jioni! Nilipiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, sare za kwaya miguuni, na sijui nilizimwagaje. Mzee Leodegari alikuwa ameshasimama naye, amejua yote kwa kusikia upande wangu tu.

"Nipe mimi," alisema. "Mimi ni mtu mzima. Atanisikia."

Nilimwonyesha ile picha, nikapiga tena. Azizi alipopokea nilimpa mzee simu, nikaiweka sauti ya juu. Mzee Leodegari alisafisha koo. Alizungumza taratibu, kama anavyozungumza na wanakwaya waliochelewa.

"Kijana, mimi naitwa Mzee Leodegari, mwenyekiti wa kwaya hapa parokiani. Haya anayokwambia binti huyu ni ya kweli. Nimeiona picha kwa macho yangu."

"Shikamoo mzee," Azizi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na adabu. Nikashika kifua. "Samahani, mzee wangu. Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Hapa hapa Songea."

"Kabila lako?"

Mzee aliniangalia. Hakujua kusema uongo.

"Mngoni," alisema.

Kule Mtwara kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. "Basi na wewe ni mtani wangu, mzee! Mmekaa kikao huko! Huyo Lidwina amekupa nini, kipande cha mbeva?"

Mzee Leodegari alinirudishia simu. Nilimwona anaumia, maskini, si kwa kutukanwa, maana hakutukanwa, bali kwa kuwa ukweli wake wa miaka yote umekosa mnunuzi. Na hapo ndipo nilipoelewa nilipokuwa nimesimama. Hata ningemwita paroko. Hata ningeita mtaa mzima wa Ruhuwiko upige kelele kwenye ile simu. Kila neno linalotoka kwa Mngoni lilikuwa, kwenye masikio ya Azizi, limeshavaa nguo za utani kabla halijafika. Kifo chenyewe tulishakichekea pamoja, yeye akiwa amelala kwenye shimo la baba yangu. Sasa ningemletea kitu gani kikubwa kuliko kifo ili aache kucheka?

Kilikuwepo kimoja tu. Nilikijua, na mdomo wangu ulikataa. Utani hatukuuanza sisi. Tumezaliwa tukaukuta, kama ukoo, na mtu haamki asubuhi akaacha ukoo. Nimeona watani wakigombana mahakamani, na bado ukifika msiba wanakuja kuiba sufuria. Sijawahi kumsikia mtu akiukata.

"Azizi," nilisema. Sauti ilitoka kavu, machozi yalikuwa yamekwisha. "Nyamazisha hiyo redio."

"Niizime kwa sababu gani, mla..."

"Mimi Lidwina binti Bartolomeo nakwambia wewe Azizi bin Salum. Nimeukata utani."

Mzee Leodegari alinishika mkono. "Hapana, mwanangu. Hilo usilitamke."

Niliutoa mkono wangu. Nilikuwa na hasira naye, na Azizi, na Cornel, na mababu waliopigana vita visivyonihusu.

"Nimeukata kati yangu na wewe, na kati ya wanangu na wanao. Kuanzia leo mimi na wewe ni watu baki. Nikifa, usikanyage msibani kwangu. Usije ukajilaza kwenye kaburi la mtu wa nyumba yangu. Ukifa wewe, sitakuja kumkamata kuku wa mkeo. Mzee huyu ni shahidi. Nimemaliza."

Nilisikia redio inazimwa. Nilisikia cherehani inasimama.

"Lidwina," alisema. "Umesema nini?"

"Umenisikia."

Alihema. Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani, mbali kule, mbele ya wateja wake.

"Wako nyumba ile ile?"

"Ile ile."

"Wameshakula?"

"Sijui, Azizi. Sijui!"

Kiti kilianguka. Simu ilibaki wazi kidogo, nikasikia miguu, nikasikia mtu akiita bodaboda kwa sauti ya juu sana, kisha ikakatika.

Sijui tulikaa muda gani. Mzee Leodegari aliokota zile sare sakafuni, akazikunguta, akazikunja upya, zote, hata ambazo hazikuanguka. Hakunilaumu na hakunisifu. Mimi nilikaa kwenye cherehani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilisali, lakini sala yangu haikuwa nzuri. Nilikuwa natoa amri: wasile, wasile, wasile. Nilikuwa namwona Noela, maana namjua mwanangu, anagawa sahani kwa haki, kubwa ya baba, ya mdogo wake, ya mwisho yake. Nilimwona Aidan ambaye hangojei mtu, anayechovya kidole kwenye mchuzi ukiwa bado jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa ananiua.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Azizi, lakini sauti ilikuwa ya Cornel, naye alikuwa anafoka.

"Huyu mtu wako ana wazimu? Kaingia bila hodi, kapiga teke sufuria, samaki yuko mchangani! Mbele ya watoto! Watoto wanalia hapa!"

"Wamekula?"

"Wale wapi, ndiyo kwanza Noela alikuwa anapanga sahani!"

"Na Aidan? Aidan hajaonja?"

"Hajaonja mtu, nimekwambia... Nilionja mimi. Kipande cha ini. Nilikuwa natazama chumvi."

Niliuma midomo yangu mwenyewe.

"Cornel, unajisikiaje?"

"Mzima. Nina njaa." Kisha hasira ikamtoka. "Midomo tu. Midomo inakufa ganzi kidogo. Na ulimi. Labda ni pilipili. Lidwina, tuliweka pilipili?"

Nikasikia simu inachukuliwa mkononi mwake.

"Watoto hawakuonja, nimewauliza mmoja mmoja na nimewanusa vidole," alisema Azizi, haraka haraka. "Mumeo namkimbiza hospitali sasa hivi. Watoto watakaa na mke wangu. Nitakupigia." Hakuniita jina lolote.

Usiku ule siusimulii. Aliyewahi kungoja simu anaujua. Ilitosha kwamba Azizi alipiga kila daktari alipopita: ganzi imefika mikononi, ganzi imesimama, wamemwekea hewa, anapumua mwenyewe. Mimi nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga. Alfajiri nilikuwa stendi, nimejifunika kitenge juu ya sweta, na mzee Leodegari akiwa amenisindikiza kwa miguu yake ingawa nilimkataza.

Basi lilikuwa linanguruma bila kuondoka, kama yalivyo mabasi yote, simu ilipoita.

"Amekunywa chai," alisema Azizi. "Ameamka, anaongea. Daktari anasema aliyekula kipande kidogo kama kile na akafika mapema, akivuka usiku amevuka. Amevuka."

Nililia pale pale mbele ya makondakta. Nililia kwa furaha na kwa aibu na kwa usingizi. Na nilipoweza kusema, nilisema kwa lugha yangu na yake, lugha pekee niliyowahi kumshukuru nayo mtu huyu.

"Ahsante, we Myao mwizi, we mla korosho mbichi. Nakuja huko, mwambie mkeo afiche kuku wake wote, maana leo..."

"Pole sana kwa usiku, dada Lidwina," alisema.

Alisema dada.

"Azizi, acha hizo."

"Watoto wamelala vizuri. Noela alikohoa kidogo, mke wangu akampa maji ya moto."

"Azizi! Jana nililisema ili utoke. Unajua nililisema ili utoke."

"Najua, dada. Na nilitoka."

"Basi yamekwisha. Nimelirudisha. Mzee Leodegari yuko hapa, yeye ni shahidi tena, nimelirudisha."

Nilimsikia mwadhini wa mbali, au labda ilikuwa redio ya mtu.

"Kama leo unalirudisha," alisema taratibu, "basi jana ulikuwa unanitania. Na ningejua unanitania, nisingenyanyuka kwenye kile kiti, na mumeo angekula sahani nzima na watoto wake. Mimi nilikuamini, dada. Sasa niache kukuamini vipi?"

Kondakta alikuwa ananiita kwa mkono, na mzee Leodegari alikuwa ameshika begi langu, anatazama chini.

Azizi ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni njia.

"Ukipanda, kaa upande wa kulia, jua halitakusumbua. Mkifika Masasi nunua maji, mbele pale yanapanda bei. Ukishuka Mtwara nitakuwa stendi mimi mwenyewe, usipande bodaboda. Mumeo daktari amesema apewe uji na supu nyepesi kwanza. Watoto nitawapeleka kuogelea asubuhi maji yakiwa yamejaa, na watavaa viatu. Bahari ni nzuri wiki hii. Mtapumzika."

Nilingoja kikohozi chake. Nilibana simu sikioni nikakingoja.

"Safari njema, dada," alisema, akakata.

Nilipanda, nikakaa upande wa kulia. Jua halikunisumbua. Kila alichoniambia kilikuwa cha kweli, na nililia mpaka Namtumbo.